Mchawi Asiyezeeka: Tafakuri juu ya Vibonzo, Wakusanyaji na Vikongwe wa Uwanda wa Kati

Sisi wapenzi wa ushairi wa pwani tumezoea kuhakiki utenzi, shairi na riwaya. Kibonzo tumekiacha kizingitini kama mgeni ambaye hatuna hakika naye. Tunakijua, tumecheka nacho tangu utotoni, lakini hatumkaribishi barazani pale mazungumzo ya fasihi yanapoanza. Makala haya yanakusudia kumkaribisha mgeni huyo kwa mlango mmoja tu, nao ni mlango wa mhusika anayependwa mno na wakusanyaji wa vibonzo duniani: mwanamke mchawi asiyekufa. Nitamtazama alikotoka, namna alivyofaa kukusanywa, na kisha nitauliza ana maana gani kwa msomaji aliyeko Dodoma, Kondoa au Singida, katika uwanda ule wa kati ambako neno “mchawi” halikomei kitabuni.

Asili ya mhusika huyu, kwa umbo tunalomjua leo, iko karibu na pwani yetu kuliko wengi wanavyodhani. Mwingereza Henry Rider Haggard alitoa riwaya ya She kwa sehemu sehemu gazetini kuanzia mwaka 1886, na ikawa kitabu mwaka 1887. Ndani yake yumo Ayesha, mwanamke mzuri kupita kiasi aliyeishi zaidi ya miaka 2000 katika mapango ya bara la Afrika, akiwatawala watu kwa hofu na kumngojea mpenzi wake wa kale azaliwe upya. Jina lake ni jina la bibi zetu, yaani Asha. Si ajabu, kwa kuwa Jack, ndugu yake Haggard, alikuwa makamu wa balozi wa Uingereza mjini Lamu katikati ya miaka ya 1880, na riwaya nyingine ya Haggard, Allan Quatermain, inawaanzishia mashujaa wake safari kutoka Lamu hiyo hiyo.

Katika She, Waingereza wanafika pwani kwa jahazi, na jahazi linapovunjika anaokoka nahodha wake Mwarabu aitwaye Mahomed. Msomaji wa pwani na amtazame vyema nahodha huyo. Yeye ndiye ajuaye bahari, lakini hapati hata kumwona huyo malkia asiyekufa. Anauawa njiani, tena kwa risasi ya Mwingereza aliyekuwa akijaribu kumwokoa, na kisa kinasonga mbele bila yeye. Mtu wa pwani amewafikisha wageni mlangoni mwa siri, kisha ametolewa katika hadithi. Hii si bahati mbaya ya njama ya riwaya. Huo ndio mpango wenyewe wa kumgawia kila mtu nafasi yake.

Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili hakuanzia kwa Ayesha. Miaka miwili kabla ya She, yaani mwaka 1885, Haggard alikuwa ametoa riwaya iliyokuja kutiwa katika Kiswahili na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, mwaka 1929. Humo yumo Gagool, kikongwe Mwafrika asemwaye kuwa ameishi vizazi na vizazi, anayewanusa wachawi na kuwatoa wauawe, na ambaye mwishowe anapondwa na mlango wa jiwe. Riwaya hiyo hiyo ilitolewa kwa picha nchini Marekani katika mfululizo wa Classics Illustrated, toleo la 97, mwaka 1952, na Gagool akapata sura ya kuchorwa.

Tuwaweke wanawake hawa wawili pamoja. Wote wameishi kupita kadiri ya binadamu na wote wana nguvu za uchawi. Lakini mweusi amepewa uzee wote wa miaka yake, na mweupe hakupewa hata kunyanzi moja. Gagool analinganishwa na nyani aliyekauka. Ayesha anaabudiwa. Kisha Ayesha anaingia mara ya pili katika moto uliompa uhai, na moto ule unamrudishia miaka yake yote kwa dakika chache. Ngozi inakunjamana, mwili unasinyaa, naye anakufa akiwa na kimo cha nyani. Kwa maneno mengine, adhabu kubwa kuliko zote ambayo Haggard aliweza kumfikiria mungu wake wa kike ni kumgeuza Gagool. Kinachotisha hapo ni kikongwe. Kifo chenyewe kinakuja nyuma yake.

Nimelikazia jambo hili kwa sababu ndilo lililorithiwa na vibonzo. Chukua mfano wa Madame Xanadu, mchawi asiyekufa wa kampuni ya DC ya Marekani. Alitokea kwanza mwaka 1978 katika jarida la Doorway to Nightmare, lililodumu kwa matoleo matano tu. Mwaka 1981 akapewa toleo la peke yake lililouzwa katika maduka maalumu ya vibonzo na si katika vibanda vya magazeti. Kati ya mwaka 2008 na 2010 akapata mfululizo wake kamili wa matoleo 29, ulioandikwa na Matt Wagner. Humo tunaelezwa kuwa jina lake la asili ni Nimue, kwamba alikuwako zama za Mfalme Arthur, akafika katika baraza la Kublai Khan, akayaona mapinduzi ya Ufaransa, na kwamba uzima wake wa milele aliupata kwa kumshinda Mauti mwenyewe katika mchezo wa karata. Karne zote hizo zinapita, na uso wake ni ule ule wa kijana.

Wahenga wetu walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Kwa Nimue methali hii ni kweli nusu tu. Ameona mengi, lakini kuona huko hakukumwachia alama yoyote mwilini. Mhusika huuzwa kwa sura yake.

Hapa tunafika kwenye suala la kukusanya. Mchawi asiyekufa anawafaa wakusanyaji kuliko mhusika mwingine yeyote, na sababu ni ya kibiashara kabla ya kuwa ya kifasihi. Kibonzo cha mfululizo hakina budi kuuza toleo lijalo. Mhusika akifa, biashara imekwisha. Kwa hiyo kutokufa ni kanuni ya chapa yenyewe, na huyu mchawi ndiye anayeitamka kanuni hiyo waziwazi. Mkusanyaji naye hutafuta ukamilifu: toleo la kwanza hadi la mwisho bila pengo. Mwenye matoleo 29 yote ya mwaka 2008 hadi 2010 ana kitu kizima mkononi. Vibonzo hivyo viliuzwa kwa watu waliojua kabisa kwamba watavitia katika mifuko ya plastiki na kuvipanga katika masanduku.

Vibonzo vyetu havikuzaliwa katika hali hiyo. Kiswahili kimekuwa na picha za kuchekesha na kuonya kwa muda mrefu. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo nchini Kenya kwa miongo mingi, na Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa sauti ya mtu wa kawaida katika gazeti la Uhuru kuanzia miaka ya mwisho ya 1960. Kisha likaja jarida la Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, ambalo jina lake limeungwa kutokana na majina ya waasisi hao wawili. Humo ndimo walimopatia umaarufu Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wahusika wa Philip Ndunguru. Baadaye likaja Kingo la James Gayo, na mengine mengi yaliyotokea na kutoweka.

Majarida haya yalichapwa kwa karatasi hafifu, yakasomwa na watu kumi kwa nakala moja, yakasafiri kwa mabasi na kwa Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, na mwisho wa safari yakafungia karanga. Mkusanyaji wa Dodoma anayetaka kuwa na Sani za miaka ya 1980 kwa ukamilifu hana duka maalumu la kwenda. Ana mabaki: kurasa zilizokatwa, toleo lisilo na jalada, kisa kilichoanza wiki ambayo nakala yake haipo. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inamtaka mchapishaji kuwasilisha nakala za machapisho yake, lakini hakuna sheria inayoweza kumfanya mtu athamini kile alichokwisha kukiita upuuzi.

Sisi wa visiwani na mwambao tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Tenzi tunazojivunia zisingetufikia lau si watu waliokaa kuzinakili kwa mkono. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann miswada mingi. Aliposhika kalamu, wengi wa rika lake huenda waliona ananakili mambo ya kawaida ambayo kila mtu anayajua. Asiyekuwapo na lake halipo, na utenzi usionakiliwa nao haupo. Kibonzo leo kiko mahali pale ulipokuwa utenzi siku zile.

Kuna jambo jingine ambalo mkusanyaji analiona na msomaji wa kupitia halioni. Philip Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, asiyetimiza hata umri wa miaka 25. Ndumilakuwili na Lodi Lofa hawakufa naye. Waliendelea kuchorwa kwa mikono mingine, wakaendelea kufanya ulaghai na ulofa wao kana kwamba hapana kilichotokea. Hao ndio wasiokufa wa kwetu, na hawakuhitaji karata wala moto wa mapangoni. Lakini asiyeweka matoleo pamoja hawezi kujua mkono wa Ndunguru uliishia wapi na mkono wa mwingine ukaanzia wapi. Mhusika akidumu bila kumbukumbu ya aliyemuumba, uzima wake umemmeza msanii. Kukusanya, kwa maana hii, ni kumlipa marehemu haki yake.

Sasa tuulize: je, vibonzo vyetu na hadithi zetu zina mchawi wa kike asiyekufa? Jibu langu ni kwamba zina watu wasiokufa, ila mgawanyo wao ni mwingine kabisa. Katika simulizi za Kiislamu zinazosimuliwa pwani, aliyekunywa maji ya uhai ni Khidhri, mja mwema. Hakuyapata kwa uchawi. Fumo Liyongo hadhuriki kwa silaha, isipokuwa sindano ya shaba itiwayo kitovuni, na siri hiyo inatolewa na mwanawe mwenyewe. Uzima wake una mlango, na mlango huo unafunguliwa na mtu wa nyumbani. Tukienda bara, na hata humu mwetu, tunamkuta msukule, mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa kumbe amechukuliwa kufanyishwa kazi usiku katika shamba la aliyemroga.

Tazama tofauti ilivyo kubwa. Kwa Haggard na kwa vibonzo vya Marekani, kutokufa ni tunu ya mchawi. Katika imani ya msukule, kutokufa ni dhuluma anayotendewa aliyerogwa. Ananyimwa hata pumziko la kaburi, jasho lake linamnufaisha mwingine. Hii ni tafsiri ya watu waliojua mashamba ya wenyewe na kazi isiyo na ujira. Filamu zetu za kutisha za miaka ya 2000, kama Shumileta ya Mussa Banzi ya mwaka 2005, zilijaribu kumleta mwanamke mzuri asiye binadamu, anayempenda mwanamume wa kibinadamu. Zilipata watazamaji wengi. Lakini nadhani msukule ndiye aliyebeba wazo zito zaidi, na mchoraji wa vibonzo anayetaka kutoboa asimwache amkimbilie Nimue.

Upande wa mchawi mwenyewe, vibonzo vyetu havina cha kujisifia. Mara nyingi sana mchawi anapotokea huchorwa kikongwe: mgongo umepinda, meno mawili, ungo na macho mekundu. Ni Gagool yule yule, tena amechorwa na sisi. Na hapa ndipo uhakiki wa vibonzo unapoacha kuwa burudani ya barazani.

Katika uwanda wa kati, na zaidi huko kaskazini yake, Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yana historia yake. Mwanamke aliyepika miaka 50 ndani ya nyumba ya tembe isiyo na dirisha, kwa kuni au kwa samadi, amekaa katika moshi maisha yake yote. Tena Dodoma, na hasa Kongwa, ni mahali ambapo watafiti wa trakoma, yaani vikope, wamefanya kazi tangu miaka ya 1980, kwa sababu ugonjwa huo ulikuwa umeenea mno huko. Huambukizwa kwa mikono, nguo na nzi, hushamiri palipo na uhaba wa maji, huwapata watoto kwanza, na wanawake wanaowalea watoto hao huambukizwa tena na tena. Mwishowe kope hugeuka ndani na kulikwaruza jicho kila linapopepesa. Jicho jekundu la bibi wa Kongwa ni ushahidi kwamba alipika na alilea.

Mchoraji anayetia wino mwekundu katika jicho la kikongwe ili msomaji ajue mara moja huyu ni mchawi hakuua mtu. Hata hivyo ametumia lugha ambayo wauaji nao wanaitumia, na ameithibitisha. Hawezi kujitetea kwamba ni mzaha tu, maana mzaha hufanya kazi kwa sababu msomaji tayari anaamini alama ile. Naye mkusanyaji anayefurahia ujana wa milele wa Madame Xanadu hana budi kujua kwamba anafurahia upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo. Palipo na hadithi inayomwabudu mwanamke asiyezeeka, pana mwanamke aliyezeeka ambaye hadithi haijui la kumfanya ila kumtisha nalo msomaji. Wakati huo huo sisi ndio tunaosema kwamba penye wazee haliharibiki neno.

Uwanda huo huo lakini unatupa mfano bora. Wanyaturu wa Singida wanamkumbuka Liti, mwanamke kiongozi na mganga aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na simulizi zinasema aliwatuma nyuki wawashambulie askari. Aliuawa. Hakuwa na moto wa uhai wala karata za Mauti, lakini uwanja wa michezo wa mjini Singida leo unaitwa kwa jina lake. Huyu ndiye “asiyekufa” kwa maana ambayo fasihi simulizi inaielewa: hafi kwa sababu hawajaacha kumtaja. Ninamtamani katika kibonzo, ila kwa sharti. Asichorwe Ayesha mweusi, msichana mwembamba mwenye nywele za kupepea. Achorwe mganga anayejua miti na nyuki, mwenye umri usoni, na msomaji aachiwe uamuzi kama nyuki wale walikuwa uchawi au elimu.

Na wachoraji wa uwanda huo wana watangulizi wakongwe kuliko Sani na kuliko DC. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, ni picha za watu na wanyama zilizochorwa juu ya picha nyingine. Nyekundu za wawindaji ziko chini, na nyeupe za waliokuja baadaye ziko juu yake. Baadhi ya mapango hayo, kama lile la Mungumi wa Kolo, bado yanatumiwa na wenyeji kwa matambiko ya mvua na uganga. Hapo picha haikusanywi wala kufungiwa sandukuni. Kila kizazi kinarudi mahali pale pale na kuongeza mstari wake, bila kuufuta kabisa wa aliyetangulia. Nisingependa tuiache hekima hiyo kwa watalii.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mkusanyaji wa Dodoma ni huu. Mweke Nimue wako na matoleo yake 29, maana kumsoma vizuri ni elimu. Lakini kando yake weka Sani iliyochanika, hata kama ni nusu yake. Andika nyuma ya kila ukurasa ulikoupata na jina la mchoraji kama linasomeka. Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwako tangu mwaka 2007, na mji huo umekuwa jiji tangu mwaka 2018. Makao makuu ya nchi hayawezi kudai kwamba hayana mahali pa sanduku moja la vibonzo. Na utakapomkuta kikongwe mwenye macho mekundu katika kurasa hizo, usimruke kwa kuwa amekuchekesha. Msome, uulize nani alimchora hivyo na kwa nini ilikuwa rahisi. Kisha mfikishie mchoraji wa leo swali hilo, angali hai na kalamu ingali mkononi mwake.